Mwethya wa Miguu ya Kakuvi

Watu wa Matiliku, na nyinyi wa ng'ambo ya mto, wekeni majembe chini kidogo mnisikilize. Habari hii ni ya mbwa, lakini msiinuke kwenda zenu. Aliyepotewa na nguvu za miguu alikuwa mbwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wetu, na sina hakika kama sote tumepona.

Ilikuwa mwaka wa 1955, mwezi wa Desemba, na mvua ilikuwa imenyesha ikatosha. Asubuhi hiyo Nthenya, mkaza mwanangu, alikuwa akitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa na kupikwa na maharagwe. Mimi nilikaa mlangoni na nyuzi zangu za mkonge, nikianza kitako cha kiondo kipya, kikapu chetu cha kusuka. Mbaazi zilikuwa kijani mpaka ukingoni mwa mto. Na Kakuvi alikuwa kazini.

Kakuvi alikuwa mbwa wangu. Jina hilo kwa Kikamba ni kama kusema "kafupi". Mama yake alikuwa mbwa wa kawaida wa hapa kwetu, lakini baba yake alikuwa wa mzungu mmoja wa reli huko Emali: mwili mrefu kama mchi, miguu ya bata. Aliletwa kwangu akiwa mdogo, mwezi ule nilipomzika mzee wangu, akalala juu ya miguu yangu mpaka ikapata joto. Tangu siku hiyo hatukuachana. Watu walimcheka, lakini nyani hawakumcheka! Akibweka Kakuvi, kundi zima liliacha mahindi na kukimbilia majabalini.

Asubuhi hiyo nyani walikuja. Kakuvi akatoka mbio, akapanda tuta la kwanza, la pili, la tatu. Mnayajua matuta yetu, tuliyachimba wenyewe ili maji yasibebe udongo. Kwa mtu ni hatua moja. Kwa Kakuvi ni ukuta. Akawafukuza wote, akageuka kurudi na mkia juu, akaruka kutoka tuta la juu kabisa. Nikasikia mlio mmoja tu. Mchi wa Nthenya ukasimama hewani.

Tulimkuta amekunja mgongo kama upinde, anatetemeka. Kufikia mchana miguu yake ya nyuma ilikuwa ikiburutwa nyuma yake kama kitambaa. Alinitazama kana kwamba ananiomba radhi kwa kuniletea taabu.

Jioni mwanangu Kiema alirudi. Wengi mnamjua Kiema: kiongozi wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Filimbi haimtoki shingoni. Ni mtu wa kufanya mambo leo, si kesho. Hata chakula hula amesimama. Akamwangalia Kakuvi akacheka kidogo.

"Mama, huyu sasa ni mbwa au ni gogo lenye masikio?"

"Ni mgonjwa," nikamjibu.

"Mgonjwa huinuka akafanya kazi, damu ikazunguka. Akilala ndipo anapooza kabisa."

Kabla sijamjibu, majirani walikwishajaa uani. Mmoja akasema tumchome mgongo kwa chuma cha moto, kama babu zetu walivyofanya kwa ng'ombe. Mwingine akasema kuna mtu mwenye jicho baya. Kisha Mwangangi, hedimani wetu, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, akaingia langoni na neno lililowarudisha watu wote nyuma hatua tatu.

"Kichaa," akasema. "Mbwa mwenye kichaa huanza hivyohivyo, na miguu ya nyuma. Kiema, lete kamba. Watoto waondoke hapa."

Jamani, moyo wangu! Mwaka huo kichaa cha mbwa kilikuwa kimesikika upande wa Emali, na hedimani hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa watoto wetu wasiumwe. Lakini nilimwona Kiema akienda kuitafuta kamba, nikajua nisiposema neno sasa hivi, sitasema tena.

Aliyesema si mimi. Ni Kisilu. Kisilu ni jirani yetu asiyependa kuzungumza. Wakati wa vita vya Burma alikuwa akitunza nyumbu wa jeshi, na tangu alipotoka huko husema neno moja kwa siku. Siku hiyo alitumia maneno ya mwezi mzima.

"Mwenye kichaa hawezi kumeza maji," akasema. "Leteni maji."

Nthenya akaleta kibuyu. Nikakiweka mbele ya Kakuvi. Kakuvi akanusa, akageuza kichwa, watu wakaanza kunung'unika. Kisha akatoa ulimi akanywa! Akanywa mpaka kibuyu kikalia kitupu, akalamba na vidole vyangu. Nthenya akapiga makofi kama yuko arusini.

"Bado sijaridhika," hedimani akasema, ingawa alikuwa amekaribia hatua mbili. "Mfungieni mahali siku kumi. Na sikilizeni. Baada ya wiki saba watu wa sindano za kichaa cha mbwa wanakuja sokoni. Mbwa atakayesimama mbele yao atadungwa na kupewa kibati cha kuvaa shingoni. Asiyeweza kusimama hapewi kibati, na asiye na kibati atapigwa risasi. Si amri yangu mimi."

Wiki saba. Basi hapo ndipo shindano letu lilipoanza.

Watu walipotawanyika Kisilu akachuchumaa. Akamshika Kakuvi kidole cha mguu wa nyuma, akakibana kwa nguvu kwa kucha zake. Tukangoja. Kakuvi akageuka na kumkenulia meno.

"Vizuri!" Kisilu akasema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu vita. "Mama Kiema, amenitukana! Maumivu yanafika kichwani. Kuna tumaini." Akanieleza kwamba mgongo ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na kati ya shanga na shanga kuna mto laini. Mto mmoja umepasuka na kubana uzi. "Uzi haujakatika. Ukipewa utulivu utapona wenyewe. Lakini alale wiki sita, mahali pembamba, asiruke, asikimbie, asipande hata kizingiti."

"Na haja zake?"

"Umbebe nje mara tatu kwa siku. Pitisha mkanda chini ya tumbo, umwinue nyuma. Kibofu chake kimesahau kazi, kwa hiyo ukikande taratibu mpaka mkojo utoke. Mgeuze ubavu asipate vidonda. Ni hivyo tu."

Ni hivyo tu! Kiema akaguna. "Wiki sita za kumlea mbwa? Mama, watu watatucheka mpaka Kikima."

Sasa nataka niwaambie wema niliouona, kwa sababu wema ukinyamaziwa unaonekana kama haukuwapo. Asubuhi yake nilikwenda dukani kwa Tima, mke wa Salim muuza nguo, kuuliza kama ana sanduku bovu. Tima ni Mwislamu, watu wake walitoka pwani wakaja Kitui zamani, na mate ya mbwa kwake ni jambo zito. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na sanduku zima la mbao la majani ya chai, akalijaza matambara safi.

"Mama Kiema, mimi kumshika siwezi, nitaosha mikono mpaka maji ya kisima yaishe," akasema. "Lakini sanduku ni langu, na huruma ni ya Mungu. Litautosha mgongo wake?"

"Litamtosha kama lililopimwa, mwanangu."

Kakuvi akaingia humo. Mkanda ulikuwa tayari: mukwa wangu, ule ukanda wa ngozi ambao mwanamke wa Kikamba huuweka kwenye kipaji cha uso abebee kuni. Ulibeba kuni miaka ishirini; sasa ukabeba mbwa. Na ili nisipoteze hesabu nikajiwekea desturi: kila siku ya kulala kwa Kakuvi, mzunguko mmoja wa kiondo. Si zaidi, si pungufu. Hata mikono ikiniwasha kuendelea, naacha.

Kiema alipita akanitania. "Mama, unasuka kiondo au unasuka miguu?"

"Vyote viwili. Na vyote huharibika ukivivuta."

Siku kumi zikapita, na kichaa hakikuja. Siku ya kumi na nne kibofu kikakumbuka kazi yake. Nilimwita Nthenya aje aone mkojo wa mbwa, naye akaja mbio na unga mikononi, tukacheka mpaka tukashikana mabega. Siku ya kumi na nane, nikiwa namgeuza ubavu, ncha ya mkia wake ikapiga ubao. Tap! Nikasema nimesikia vibaya. Tap, tap! Mkia uliokuwa umekufa ulikuwa unanisalimu!

Nilipiga vigelegele, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu Kiema alisikia akaona kazi imekwisha.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumapili. Mimi na Nthenya tulikwenda kanisani. Tukiwa bado njiani kurudi nikasikia filimbi. Nikajua filimbi ile. Halafu nikasikia wimbo, ule wimbo wetu wa kung'oa visiki, wenye "vuta, vuta" ndani yake.

Nilikimbia, watu wangu. Mimi na umri huu nilikimbia.

Uani kulikuwa na mwethya mzima, watu kama ishirini, wake kwa waume. Wamejipanga mistari miwili kama siku ya kuchimba matuta, na katikati ni Kakuvi, mukwa wangu chini ya tumbo lake, Kiema ameshika ncha moja. Hawakuwa na ubaya. Waliona kazi imemlemea bibi mmoja, wakafanya tunalolifanya sisi siku zote: mikono mingi, wimbo, na haraka. Mbwa naye, kwa kuwapenda, alikuwa anajaribu! Anaanguka, wanashangilia, anajaribu tena.

"Mwacheni!" nikaita, lakini wimbo ulikuwa mkubwa kuliko mimi.

Kakuvi akasikia sauti yangu. Akageuka. Kati yetu palikuwa na tuta dogo la uani, la kuzuia maji ya mvua. Akajitupa ajivushe aje kwangu, mukwa ukamtoka, na nikasikia tena ule mlio mmoja.

Sauti za wimbo zilikatika moja moja, kama watu wanaotoka nyumba yenye msiba. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Kiema. Filimbi ilikuwa bado mdomoni, ikitoa pumzi yake tu.

Kisilu aliitwa. Akabana kidole. Hakuna kitu. Akabana kingine, kwa nguvu zaidi. Nilihesabu moyoni mpaka nne. Kisha polepole, kama mtu anayeitwa kutoka mbali, Kakuvi akageuza kichwa.

"Uzi haujakatika," Kisilu akasema. Hakucheka. "Lakini mnaanza upya. Na mkifanya hivi tena, msiniite."

Watu wakatoka bila kuagana. Mimi nikakaa mlangoni, nikachukua kiondo, nikaanza kukifumua. Mzunguko wa ishirini, wa kumi na tisa, wa kumi na nane. Kiema alisimama akitazama. Nilipofika wa kumi alisema kwa sauti ndogo:

"Mama, usifumue yote."

"Zile siku zimekwenda, mwanangu. Siwezi kusuka juu ya siku ambazo hazipo."

"Nilitaka awahi. Siku za sindano zinakaribia. Nilidhani nikimsaidia..."

"Najua."

"Hedimani Mwangangi alinicheka mbele ya watu. Kwamba kiongozi wa mwethya ana mbwa wa kubebwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Niambie nifanye nini."

"Kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Ukae tu. Akitaka kuinuka, umwekee mkono. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ni ngumu kuliko kung'oa kisiki."

Nikamwona mwanangu, ambaye hata ugali hula amesimama, akivua filimbi, akiitundika kwenye msumari na kukaa chini kando ya sanduku la chai. Alikaa mpaka jua likazama. Miguu ilimfa ganzi, akaniambia, "Mama, sasa mimi na Kakuvi tuko sawa." Nikacheka ingawa sikutaka.

Siku zilizobaki kabla ya sindano zilikuwa ishirini na tisa. Ndugu zangu, siku hizo nazikumbuka kuliko arusi yangu! Kiema alimbeba nje asubuhi kabla ya kwenda shambani. Alijifunza kumkanda kibofu, mwanamume yule mwenye viganja kama jembe, taratibu kama anakamua mbuzi aliyezaa jana. Tima alipita kila Ijumaa, akasimama mbali, akauliza, "Shanga zake zinaendeleaje?" akaacha kipande cha nyama kwenye jani. Na mwethya? Walirudi, lakini walirudi kwa adabu. Siku moja nilisikia majembe, nikatoka nikiwa na hofu, nikawakuta wanachimba bila wimbo. Katika kila tuta, kutoka shamba la juu mpaka uani, walikuwa wanakata njia ndogo ya mteremko, pana kama sanduku la chai.

"Siku akipona asilazimike kuruka," Kiema akasema, akachimba.

Mzunguko wa kumi na mbili, mkia ukapiga ubao. Safari hii sikupiga vigelegele. Nilimshika Nthenya mkono tu, naye akanifinya mpaka nikaumia. Mzunguko wa ishirini na moja, akakunja mguu wa kushoto. Wa ishirini na tano, nikiwa nimemwinua kwa mukwa, uzito ukapungua mikononi mwangu kidogo. Alikuwa anausaidia mwili wake mwenyewe! Kisilu akaruhusu: pumzi tano za kusimama, mara mbili kwa siku, halafu alale.

Siku ya ishirini na tisa ikafika, na wiki sita hazikuwa zimetimia. Kiema akabeba sanduku kichwani mpaka sokoni, polepole, shingo imenyooka, kama amebeba mayai. Mbwa walikuwa wengi, wanabwekeana, wamefungwa kamba. Kulikuwa na karani wa mifugo na meza yake, na nyuma yake askari mwenye bunduki. Jina letu likaitwa.

Kiema akaweka sanduku chini. Nikapitisha mukwa chini ya tumbo, nikamtoa Kakuvi, nikamsimamisha.

"Huyo anasimama au anasimamishwa?" karani akauliza. "Ondoa huo mkanda."

Nyuma yangu nikasikia mwethya wakivuta pumzi. Nilijua wanachotaka. Wimbo ulikuwa umewajaa vifuani, na mmoja alikwishaanza kupiga mguu. Kiema akageuka, akainua mkono juu. Hivyo tu. Na soko zima la Matiliku, ambalo halijawahi kunyamaza tangu lilipoanza, likanyamaza. Nikasikia kuku akikwaruza chini ya kibanda.

Nikalegeza mukwa. Ukaanguka vumbini.

Kakuvi akayumba kushoto. Mikono yangu ikataka kutoka mwilini kwenda kumshika; nikaibana chini ya kwapa. Akayumba kulia. Miguu ile ya bata ikatetemeka, ikapanuka, ikasimama. Akanitazama. Kisha, bila kuitwa na mtu, akainua mguu mmoja wa nyuma, akauweka mbele. Na mwingine. Hatua tatu, watu wangu! Tatu, kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake! Akafika miguuni pangu, akaketi juu ya miguu yangu, kama siku ile ya kwanza alipoletwa.

Karani akakuna sikio. "Anatembea vibaya," akasema.

"Anatembea," hedimani Mwangangi akasema kwa sauti kubwa, akasogea mbele. "Nilikuwepo alipoanguka. Huyu hana kichaa. Kama kuna wenye kichaa hapa, labda ni sisi tuliombeba mpaka huku."

Karani akacheka. Sindano ikaingia, kibati kikafungwa shingoni. Nthenya akafungua mdomo wa vigelegele, na Kiema akamziba kwa kiganja.

"Kimya mpaka nyumbani!" akamnong'oneza, machozi yanamtiririka. "Amebakiza mizunguko kumi na mitatu!"

Basi tukarudi tumelifuata sanduku, watu kama arobaini, tukiimba wimbo wa kung'oa visiki kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Kiondo nilikimaliza siku ya arobaini na mbili, nikampelekea Tima. Mukwa nimebaki nao. Kakuvi anatembea hadi leo, amepinda kidogo nyuma, na nyani bado wanamwogopa. Hupanda matuta kwa njia yake ndogo. Nimewaona na wazee wawili wakipita hapo, na mwanamke mmoja mjamzito.

MAFUNZO

Sisi Wakamba tunajivunia mikono mingi, na ni haki yetu. Matuta haya yasingechimbwa na mtu mmoja. Lakini kuna kazi ambayo mikono mingi haiiwezi, na wimbo huiharibu, nayo ni kumngojea mgonjwa. Mtu au mnyama aliyelala si mvivu. Usimvute ili akuondolee aibu yako, wala usimtupe kwa sababu wiki hii hakufai. Mpe mahali pembamba pa kulala, maji, mkono juu ya mgongo, na siku zake zote bila kumpunja hata moja. Ukikosea, kama tulivyokosea sisi, usione haya kufumua na kuanza mzunguko wa kwanza. Na wewe kijana mwenye filimbi shingoni: jifunze kupuliza, lakini jifunze pia kuitundika.